Barua ya wazi: Picha ya kimbunga iteremke mpaka mwaloni

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia hali ya hewa, mawasiliano, uvuvi na maafa,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

YAH: TAARIFA NA PICHA ZA SETILAITI ZA VIMBUNGA KUWAFIKIA WAVUVI KWA WAKATI

Waheshimiwa,

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wavuvi katika wilaya ya Kilwa, mkoani Lindi. Baba yangu alikuwa nahodha, mume wangu ni mvuvi, na mimi mwenyewe naishi kwa dagaa: nanunua mwaloni, naanika, nauza. Mambo ya anga sikuyasomea. Haya ninayoyaandika nimeyatafuta kidogo kidogo tangu Mei 2024, kwa kuuliza vijana waliosoma na kwa kusikiliza wataalamu redioni. Kuna usiku mmoja wa mwezi ule ulionifanya nitake kujua ni nani anayeitazama bahari yetu kutoka juu, na kwa nini anachokiona hakifiki hapa chini.

Ulikuwa usiku wa Ijumaa, tarehe 3. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatangaza kwamba kimbunga Hidaya kinakuja pwani ya kusini, na ninawashukuru kwa hilo kwa moyo wangu wote. Lakini kwetu redio iliyosikika vizuri ilikuwa moja, ya muuza kahawa, na betri zake zilikuwa zinakwisha. Mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam akanirushia picha kwa WhatsApp: wingu jeupe kubwa lililojisokota kama mkeka unaokunjwa, na katikati yake tundu. Chini yake aliandika, “Dada, waambie wasitoke.”

Nikaipeleka kwa ba'mkubwa wangu, nahodha wa zamani ambaye neno lake mwaloni halipingwi. Mashua zetu tatu zilikuwa dago, yaani kambi ya wavuvi mbali na nyumbani, kwenye visiwa vya nje ya Songosongo, zikiwa na watu 19. Huko simu hushika ukipanda mahali pa juu, ukibahatika. Ba'mkubwa akaishika simu yangu yenye kioo kilichopasuka, akaisogeza karibu na taa, akaigeuza, akaniuliza, “Sisi tuko wapi hapa?”

Sikuweza kumjibu. Picha haikuwa na jina hata moja. Haikuwa na tarehe wala saa. Kulikuwa na mistari myembamba ya njano iliyochora pwani, na doa dogo baharini. Nikamwambia doa lile nadhani ni Mafia. Akaweka kidole hapo, akapima kwa macho mpaka kwenye tundu la wingu, akanyamaza kidogo. Nje bahari ilikuwa shwari kama maji ya mtungini, na vijana walikuwa wanasema maneno haya ya kimbunga ni ya Msumbiji na Bukini (Madagaska), huku hayafiki. Ba'mkubwa akasema ipelekwe boti ya injini ikawaite wenzetu. Tukakopa petroli lita 40 kwa mtu ambaye hatukuwa tumemaliza hata deni lake la zamani. Vijana wawili wakaondoka saa 5 usiku. Walirudi wote asubuhi, watu 19 na wale wawili, nyavu zao na vyombo vya kupikia wameviacha kisiwani. Jumamosi ile Hidaya kikaingia nchi kavu kwenye kisiwa cha Mafia.

Wiki kadhaa baadaye mdogo wangu alinipigia simu akiwa na aibu. Picha aliyonitumia haikuwa ya Hidaya. Ilikuwa ya kimbunga Kenneth cha Aprili 2019, na doa tulilopimia lilikuwa Ngazija, kule Komoro. Mtu aliichukua mahali akaisambaza, na watu wengi waliipokea na kuirusha kama yeye.

Waheshimiwa, naomba mlitazame jambo hili kama ninavyolitazama mimi. Siku ile ile picha ya kweli ilikuwepo, mpya kila robo saa. Watu 19 wakaitwa kwa picha ya miaka 5 nyuma, kwa petroli ya kukopa na kwa busara ya mzee mmoja. Mzee yule sasa ni marehemu, Mungu amrehemu.

Nimejifunza kwamba kuna setilaiti inayoitwa Meteosat-9, ya nchi za Ulaya. Ilirushwa Desemba 2005, na tangu 2022 imewekwa juu ya Bahari ya Hindi, kwenye nyuzi 45.5 mashariki, juu ya mstari wa Ikweta. Chukueni ramani muweke kidole hapo: ni baharini, mbele kidogo ya pwani ya Somalia. Iko kilomita 36,000 kwenda juu, na kwa kuwa inazunguka sambamba na dunia inavyojizungusha, kwetu sisi ni kama imetia nanga. Inapiga picha kila dakika 15, usiku na mchana. Mchana huona mawingu kwa mwanga wa jua. Usiku husoma joto: wingu lililopanda juu sana huwa na baridi kali, na pale mawingu ya baridi yanapolizunguka tundu lenye joto zaidi, basi hapo pana jicho la kimbunga.

Kusoma picha hizo ni ufundi, na ufundi wenyewe umenivutia kuliko mitambo. Miaka ya 1970 Mmarekani mmoja, Vernon Dvorak, alitunga njia ya kukadiria nguvu ya kimbunga kwa kutazama umbo la mawingu: yamejikunja kiasi gani, jicho limefunguka vipi, ukuta unaolizunguka una baridi kiasi gani. Msomaji humaliza kwa kutoa namba, kuanzia 1 mpaka 8. Nilipoelezwa hivyo nikamkumbuka baba, aliyekuwa akisimama ufukweni wakati wa tangambili, pepo zinapobadilika, akitazama wingu la kusini na kusema leo tanga halipandi. Kazi ni moja, ila baba alisomea chini na hawa wanasomea juu. Kisiwani Réunion kuna kituo cha Wafaransa chenye dhamana ya kufuatilia vimbunga vya Bahari ya Hindi kusini-magharibi yote. Taarifa zao huja kwenye Mamlaka yetu, na wataalamu wetu nao huzipokea picha na kuzisoma. Kwa hiyo Hidaya kilionekana tangu kikiwa mgandamizo mdogo wa hewa huko nje. Kilipewa jina, kikapimwa, kikafuatwa mpaka kinafika. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa kwa sababu waliotakiwa kujua walijua.

Huko nyuma haikuwa hivyo. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, enzi za Sayyid Barghash. Kikang'oa mikarafuu na minazi, kikavunja majahazi bandarini, na Pemba iliyonusurika ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu mpaka leo. Hakuna aliyewaambia watu wa Unguja kitu. Hata waya wa telegrafu wa chini ya bahari ulifika miaka 7 baadaye, mwaka 1879. Tarehe hiyo hiyo, 15 Aprili, mwaka 1952, kikaja kingine hapa kwetu Lindi, na watu 34 wakafa. Bibi yangu mzaa baba aliitaja siku ile kwa neno moja tu, “upepo”, na hakupenda kuulizwa zaidi. Setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa, TIROS-1 ya Marekani, ilirushwa tarehe 1 Aprili 1960. Bibi alikufa bila kujua kwamba miaka 8 tu baada ya upepo wake, watu walianza kuyaona mawingu kutoka juu.

Wazee waliotuambia kimbunga ni cha Msumbiji na Bukini hawakutudanganya. Walitueleza bahari waliyoijua. Lakini tangu 2019 tumeona Kenneth kikipita kusini kwetu na kupiga Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, Jobo cha Aprili 2021 kikija kuelekea Dar es Salaam na kufifia kabla ya kuleta madhara makubwa, Hidaya, halafu wiki chache baadaye Ialy kikitikisa upande wa Kenya na Somalia. Msimu wa vimbunga wa bahari yetu huhesabiwa Novemba mpaka Aprili. Hidaya na Ialy vyote vilikuja Mei.

Sasa niseme kinachonisumbua kuhusu hayo macho ya angani yenyewe, maana nikiwaombea wavuvi peke yake nitakuwa nimesema nusu.

Kule Marekani, kimbunga kikikaribia, hutumwa ndege iliyotengenezwa kwa kazi hiyo; inaingia ndani mpaka kwenye jicho na kudondosha vipimo. Oktoba 2023 kimbunga Otis kilikuwa kinaelekea Acapulco, Mexico. Picha za setilaiti zilionyesha dhoruba ya kawaida. Ndege ilipoingia ikakuta upepo mkali kuliko ule uliokadiriwa kwa picha, na ndani ya siku moja Otis kikawa kimbunga cha daraja la 5, daraja la juu kabisa, kikaupiga mji usiku watu wakiwa majumbani. Upande wetu wa bahari hakuna ndege ya aina hiyo inayotumwa. Macho yetu ni setilaiti tu, na picha ya mawingu ya juu peke yake inaweza kuficha kinachopikwa chini yake.

Ndiyo maana kuna setilaiti za aina nyingine, zinazopita chini zaidi na kupokea mawimbi yanayopenya mawingu, zikaona mvua na mzunguko wa ndani, kama mtu anayefunua kawa akaona sufuriani. Juni 2025 ilitangazwa Marekani kwamba data za setilaiti za namna hiyo, zilizo chini ya jeshi lao, zitakatwa mwisho wa mwezi ule ule. Wataalamu wakapiga kelele, siku ikasogezwa mpaka mwisho wa Julai, kisha ikatangazwa zitaendelea mpaka Septemba 2026. Nilisikia habari hizo nikiwa naanika dagaa, na kusema kweli mikono ilisimama. Kitu kinachotuonyesha kimbunga sisi wa Kilwa kinaweza kufungwa ofisini kwa watu wengine kwa tangazo la siku chache. Na Meteosat-9 nayo ilitengenezwa kwa ajili ya Ulaya; imesogezwa huku baada ya kuzeeka, kwa hisani yao. Tunawashukuru. Lakini jicho la kuazima lina mwenyewe, na mwenyewe ana mipango yake.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni kwenu mnaokaa kwenye meza za mataifa. Tanzania ni mwanachama wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Mkikaa huko na ndugu zetu wa Komoro, Msumbiji, Madagaska, Kenya na Shelisheli, semeni kwa sauti moja kwamba setilaiti ya kuitazama Bahari ya Hindi magharibi iwe ya uhakika, yenye ratiba ya ile itakayoirithi. Na hapa nyumbani, madishi yanayopokea picha hizo yawe na vipuri, na vijana wanaojua kuzisoma wawe wa kutosha zamu zote, hata ile ya saa 9 usiku siku ya sikukuu. Kimbunga hakiangalii kalenda.

Ombi la pili ni dogo kwa fedha, ila kwetu ni kubwa sana. Toeni picha yenye majina yetu. Iandikwe Mafia, Songosongo, Kilwa, Lindi, Mtwara. Iandikwe tarehe, na saa kwa Kiswahili, saa 3 usiku iwe saa 3 usiku. Ichorwe duara kuonyesha kimbunga kiko umbali gani kutoka Kilindoni na kutoka Kilwa Masoko. Mvuvi anajua kilomita 200 ni nini ukimpa mahali pa kupimia. Picha ya namna hiyo ikitoka kwenu mara 3 kwa siku wakati wa hatari, yenye muhuri wenu, zile zinazorushwa ovyo zitakosa wa kuziamini.

Na maneno yake yaseme la kufanya. Nyie mna madaraja yenu: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Mimi nimeshayazoea. Lakini nilipowauliza wavuvi wetu kipi kizito kati ya angalizo na tahadhari, wengi walisema yote ni kujihadhari tu. Mvuvi anataka kusikia: usitoke leo, aliye dago arudi kabla ya saa 6 mchana, vuta chombo mpaka juu ya mstari wa bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida. Mkiandika hivyo hakuna atakayehitaji mkalimani.

La tatu ni simu. Ipo njia ya minara kurusha ujumbe kwa kila simu iliyo karibu nayo, bila vocha, bila bando, bila namba ya mtu kuandikwa popote, na simu ikapiga mlio wake wa hatari hata kama mwenyewe amelala. Ufilipino wana sheria ya jambo hilo tangu 2014. Umoja wa Mataifa umeweka lengo kwamba kufikia 2027 kila mtu duniani awe amefikiwa na mfumo wa tahadhari za mapema. Nawaomba muwaite wenye makampuni ya simu, mkae nao mara moja na muimalize kazi hiyo, muanze na minara ya visiwani na ya ufukweni. Pale ambapo mnara haufiki, dago lipewe simu ya upepo (radio call) na mtu wa kuitunza. Sisi wenyewe tunaweza kumchagua mtu huyo, na tukachangia betri.

Mwaka jana nilikwenda na maombi haya kwenye ofisi moja. Nilipokewa vizuri, nikapewa kiti. Kijana mstaarabu akaniambia, “Mama, taarifa zote ziko kwenye ukurasa wetu wa mtandao.” Sina kinyongo naye, alinijibu alichokijua. Lakini nilitoka pale nimechoka kuliko nilivyoingia. Ukurasa ule uko Dar es Salaam, Dodoma, London, popote penye intaneti. Mahali usipokuwepo ni kisiwani, juu ya mchanga, chini ya turubai, usiku, kwa watu waliochoka waliotoka kuvua. Na hao ndio wa kwanza kukutana na upepo.

Naomba pia msiliache jambo hili likaishia kwenye upepo. Hidaya kilipungua nguvu baada ya kuingia nchi kavu, watu wakashusha pumzi, lakini mvua yake ndiyo iliyokata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga. Mabasi yakalala njiani. Dagaa wangu magunia 6 yakaoza kwenye lori, na hilo ni dogo, maana kulikuwa na wagonjwa waliokuwa wanapelekwa hospitali. Mwaka 2019 kimbunga Idai kilipoizamisha nchi ya kuzunguka Beira, Msumbiji, setilaiti za rada za Ulaya ziliweza kuona chini ya mawingu ni wapi maji yamefunika, na ramani zake zikawasaidia waokoaji. Ramani kama hizo ziombwe mapema kwa ajili ya mto Matandu na mabonde ya huku kwetu, zisingoje daraja liondoke.

Februari na Machi 2023 kimbunga Freddy kilisafiri kutoka upande wa Australia mpaka Msumbiji na Malawi, siku 36, muda mrefu kuliko kimbunga chochote kilichowahi kupimwa. Safari yote hiyo kilikuwa kinatazamwa kutoka juu. Na bado Malawi ilizika mamia ya watu. Nikilala nazifikiria hizo siku 36.

Waheshimiwa, kikundi chetu kimeshaanza upande wake. Tumesimamisha ubao wa mbao karibu na banda la mnada, mahali ambapo kila nahodha hupita asubuhi. Tumeupaka rangi ya bluu, fundi wa mabango akatuchorea pwani yote kutoka Msimbati mpaka Mafia, na visiwa vyote kwa majina yake, hata vile ambavyo ramani za vitabuni huviacha. Watoto wa shule husimama hapo wakitafuta kisiwa cha babu zao. Upande wa juu kulia tumeacha nafasi ya karatasi moja, kwa ajili ya picha ya siku kutoka kwenu. Misumari minne imeshapigiliwa.

Kwa heshima na matumaini,

Katibu wa kikundi cha wavuvi,
Kilwa.